Dawa Isiyopenda Jua

Kwa karibu miezi minne Mama alikuwa akisaga dawa ya kaka yangu kwa mgongo wa kijiko na kuitia kwenye uji. Aliamka saa kumi na moja kasorobo, kabla majirani hawajawasha stima, akaweka tembe mbili kwenye kisosi, akazibonyeza mpaka zikawa unga, kisha akakoroga ule unga kwenye uji wa wimbi wenye ndimu na sukari nyingi kuliko kawaida. Kaka alikunywa, akafuta mdomo, akachukua koti lake na kushuka kwenda mjengo. Hakujua.

Mimi nilijua. Nilijua tangu wiki ya tatu, nilipoamka kwenda choo nikamkuta Mama ameinamia kisosi kama mtu anayechambua mchele.

"Nyamaza," aliniambia kabla sijauliza kitu. "Hii ndiyo inamfanya alale. Ama unataka turudi pale barabarani?"

Sikutaka turudi pale barabarani. Mwaka uliotangulia, usiku wa saa tatu, tulimkuta kaka katikati ya Mombasa Road, upande wa Athi River, miguu mitupu, mikono ameinyoosha mbele ya malori. Redio ilikuwa imemwambia kwamba akisimama pale, malori hayatakuja kutuchukua sisi nyumbani. Alikuwa anatuokoa. Kijana mmoja wa boda ndiye aliyemvuta kando. Nikikumbuka usiku huo hadi leo husikia kwanza honi, halafu sauti ya Mama.

Kwa hivyo nilirudi kitandani. Nilijiambia siyo siri yangu.

*

Baada ya usiku ule kaka alilazwa wiki tatu katika hospitali ya umma. Sauti zikapungua. Akaanza kuuliza nani ameshinda mechi, nani anamlisha mbwa. Siku ya kutoka tulipewa bahasha ndogo ya khaki iliyoandikwa kwa kalamu: CPZ 100mg, 1x2. CPZ ni klopromazini, ambayo watu wengi huku wanaijua kwa jina la Largactil. Tembe zilihesabiwa kutoka kwenye mkebe mkubwa, zikatiwa kwenye bahasha, basi. Karatasi ya maelezo haikuwepo. Sikumbuki mtu yeyote akitutajia jua. Huenda alitutaja na sisi hatukusikia. Siku hiyo masikio yetu yalikuwa na nafasi ya neno moja tu: ameruhusiwa.

Kaka alimeza kwa miezi mitano. Alinenepa. Mdomo ulimkauka mpaka akawa anatembea na chupa ya maji kama mtoto wa shule. Akiinuka ghafla kutoka kitini, alishika ukuta. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo akishika kikombe. Jioni moja aliniambia, "Kadogo, sauti zimeenda. Lakini naona na mimi nimeenda nazo." Wiki hiyo alimwaga bahasha nzima kwenye choo cha shimo na akasema hatameza tena kitu kisichokuwa chakula.

Ndipo Mama akaanza kwenda kuchukua dawa peke yake, akisema mgonjwa yuko kazini.

Na kusema kweli, mambo yalikaa sawa. Kaka alipata kibarua kwenye saiti ya nyumba za kupangisha, akabeba mawe, akachanganya kokoto na saruji. Jumamosi alileta nyama robo. Alikuwa akisema mezani, kwa fahari, "Mnaona? Nimepona bila madawa." Mama na mimi tulikuwa tunaangalia sufuria.

*

Januari ilikuja na jua lake. Mtu ambaye hajafanya mjengo Athi River mwezi wa kwanza hajui maana ya jua. Hakuna mti, kuna vumbi jeupe la saruji linalokurudishia mwanga usoni. Kaka alianza kuwashwa shingoni na nyuma ya mikono. Ngozi ikawa nyekundu-nyeusi, ikachubuka, ikatoa malengelenge pale kola inapoishia. Wenzake walimcheka: mtu mweusi anachomwaje na jua? Yeye mwenyewe alicheka. Alifikiri ni saruji.

Siku ya nne alianguka. Hakuanguka kutoka juu, Mungu saidia, alikuwa chini anachota maji. Msimamizi wa saiti alisema aliinama, akainuka, macho yakageuka, akaenda chini kama gunia. Mwili ulikuwa moto na mkavu. Walimvuta kivulini, wakamwagia maji, wakampeleka zahanati ya karibu, wakatupigia simu.

Tulimkuta amewekewa dripu. Daktari, kijana wa umri wangu hivi, alikuwa na fomu mkononi. Akamuuliza kaka swali ambalo huulizwa kila mtu kila siku.

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana," kaka akajibu.

Na alikuwa anasema ukweli. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Kaka yangu alijibu kwa uaminifu kabisa, na jibu lake lilikuwa la uongo, na watu wawili waliojua walikuwa wamesimama futi tatu kutoka kitandani. Mama aliangalia sakafu. Mimi niliangalia Mama. Daktari aliandika "hapana".

Tulitoka na dawa ya kupaka, panado, na Phenergan ya kutuliza kuwashwa, ameze moja usiku.

*

Niseme kidogo kuhusu mimi, kwa sababu hapa inahusika. Nilisoma kemia chuo kikuu mpaka mwaka wa tatu. Pesa ikaisha, nikaita "mapumziko", na mapumziko yakawa maisha. Sasa naandikia watu kwa malipo: makala za wenye biashara, maelezo ya bidhaa, chochote. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimelipwa kuandika maneno mia tatu kuhusu krimu ya kuzuia jua. Nilikuwa nimeandika, kwa lugha tamu, jinsi mwanga usioonekana unavyopenya mawingu na vioo vya dirisha. Halafu nikala chakula cha jioni na kaka aliyekuwa anabambuka shingo, na sikuunganisha.

Usiku huo nilikaa macho. Kaka alikuwa amemeza Phenergan na alikuwa analala chumba cha pili, akikoroma kwa namna ambayo sikuipenda, pumzi ndefu zenye mapengo. Nikachukua simu na bando lililobaki nikaanza kutafuta. Nilianza na Phenergan, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani.

Phenergan ni promethazini. Ilitengenezwa Ufaransa miaka ya 1940, katika kampuni ya Rhône-Poulenc, kama dawa ya mzio. Iliwalaza watu. Wanakemia wa kampuni hiyo waliona hali hiyo ya usingizi inafaa kufuatwa, wakaendelea kubadilisha molekuli kidogo kidogo, na Desemba 1950 Paul Charpentier akatengeneza nyingine ya ukoo huohuo iliyokuja kuitwa klopromazini.

Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Dawa aliyopewa kaka kwa sababu tulinyamaza ilikuwa ndugu wa dawa tuliyokuwa tunamficha. Zote mbili hulaza, na zikikutana mwilini, usingizi wa moja hupanda juu ya usingizi wa nyingine. Na zote mbili zinagombana na jua.

Nilienda kusimama mlangoni mwake. Nilihesabu pumzi mpaka nikachoka. Kisha nikarudi kwenye simu, kwa sababu kusoma ndilo jambo pekee nililokuwa najua kufanya.

*

Ukoo wa dawa hii una historia ndefu kuliko hospitali zetu. Mwaka 1876 Heinrich Caro, mwanakemia wa Ujerumani, alitengeneza rangi ya bluu ya kutia vitambaa, methilini bluu. Mwaka 1883 August Bernthsen, akichunguza rangi hiyo imejengwaje, akapata kiunzi chake: fenothiazini. Ni pete tatu za atomu zilizoshikana kwa safu, na ile ya katikati ina salfa upande mmoja na nitrojeni upande wa pili. Hailali bapa. Imejikunja kidogo katikati kama kitabu kilichofunguliwa nusu, au mbawa za kipepeo aliyetua.

Mwaka 1891 Paul Ehrlich na mwenzake walijaribu rangi ile ya bluu kwa wagonjwa wa malaria. Miaka ya 1940 fenothiazini yenyewe ilikuwa ikinyweshwa kondoo na ng'ombe kuua minyoo, na wafugaji waligundua kwamba baadhi ya ndama waliopewa huumia macho wakiachwa juani. Yaani hata ng'ombe walitangulia kutuambia.

Klopromazini ni kile kiunzi, kikiwa na mkia mfupi uliotundikwa kwenye nitrojeni, na atomu moja ya klorini ubavuni. Kaboni 17, hidrojeni 19, klorini moja, nitrojeni mbili, salfa moja. Iondoe ile klorini na unabaki na promazini, dawa dhaifu sana kwa mtu anayesikia sauti. Klorini moja ndiyo inayoipa nguvu yake.

Na hapo ndipo nilipoweka simu chini kwa muda. Kwa sababu mwanga wa jua, ule sehemu yake tusiyoiona, ukikutana na molekuli hii ndani ya ngozi, hukata kifundo kilekile kinachoshika klorini. Kinachobaki ni kipande chenye hasira, chembe inayotafuta kitu cha kushika, na inashika chochote kilicho karibu: mafuta ya ngozi, protini, ukuta wa seli. Hiyo ndiyo shingo ya kaka. Atomu iliyomtoa Mombasa Road ndiyo atomu iliyomchoma kwenye saiti.

Ukiacha unga wa klopromazini mezani kwenye mwanga, hubadilika mwenyewe: mweupe, manjano, waridi, mwishowe zambarau. Ndiyo maana hutunzwa gizani, na ndiyo maana tembe zake huvikwa ganda. Nilikumbuka kisosi cha Mama. Mara nyingine kilikuwa na doa la waridi hafifu ukingoni. Nilidhani ni juisi.

*

Kulikuwa na jambo la pili, na hili lilinihusu hata zaidi ya ngozi.

Mtu wa kwanza kuona upekee wa klopromazini hakuwa daktari wa akili. Alikuwa Henri Laborit, daktari wa upasuaji katika jeshi la Ufaransa, aliyetaka njia ya kuwatuliza wagonjwa kabla ya kisu na kupoza miili yao ili wasife kwa mshtuko. Aliona kwamba waliopewa dawa hii hawakulala tu. Walikuwa macho, ila mambo hayakuwashtua tena. Akawashawishi wenzake wa magonjwa ya akili waijaribu. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, wakatangaza walichokiona: watu waliokuwa wamefungiwa kwa miaka wakipiga kelele walianza kuzungumza. Kabla ya hapo zilikuwepo minyororo, mabafu ya maji baridi, na usingizi wa kulazimishwa kwa sindano. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, klopromazini ilikuwemo.

Lakini rudi kwa Laborit na barafu yake. Aliipenda dawa hii kwa sababu inalegeza kile kidude cha ubongoni kinacholinda joto la mwili. Mgonjwa akiwekewa barafu, mwili haupigani, unafuata. Sasa ondoa barafu, weka saiti ya Athi River saa saba mchana. Mwili unafuata vilevile. Zaidi ya hapo dawa hupunguza jasho, na hulegeza mishipa ya damu kiasi kwamba ukiinuka ghafla presha inashuka. Aliinama, akainuka, akaenda chini kama gunia. Mwili moto na mkavu. Msimamizi wa saiti, bila kujua, alikuwa ametusomea kitabu kizima.

Arvid Carlsson, Mswidi, ndiye aliyeonyesha mwaka 1963 kwamba dawa za aina hii huzuia kazi ya dopamini na jamaa zake ubongoni. Baadaye mwaka 2000 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake kuhusu dopamini. Lakini klopromazini ni ufunguo unaoingia kwenye kufuli nyingi mno. Kufuli ya dopamini: sauti hupungua, na mikono hutetemeka. Kufuli ya histamini: usingizi na njaa. Kufuli ya mishipa: kizunguzungu. Nyingine tena: mdomo mkavu, choo kigumu. Kila kitu ambacho kaka alilalamikia, na sisi tukamwambia avumilie, kilikuwa na kufuli yake.

*

Asubuhi hakuamka. Saa tatu hakuamka, saa tano hakuamka. Alikuwa anapumua, akiguswa anaguna, lakini macho hayafunguki. Nilimwambia Mama asisage kitu leo. Nikamsomea kwenye simu, nikitafsiri. Alikaa chini kwenye jerikeni.

"Kwa hivyo mimi ndiye nilimwangusha," akasema.

"Sisi, Mama."

Nilikimbia zahanati. Nilimwambia yule daktari kila kitu. Hakunigombeza. Alifuta neno "hapana" kwenye fomu, akaandika juu yake, akaja na mimi kwa miguu mpaka nyumbani na kipimo cha presha mfukoni. Akasema Phenergan isimame, anywe maji, awekwe ubavu, na tumwangalie kwa saa kadhaa. Akipata homa, misuli ikikakamaa kama mbao, akianza kuchanganyikiwa, tusisubiri asubuhi, ni hospitali kubwa mara moja. Alisema hiyo hutokea kwa nadra kwa dawa hizi, lakini huua. Haikutokea. Saa nane kaka aliketi, akaomba chai.

Nilimwambia kabla chai haijapoa. Mama alitaka tungoje apate nguvu. Nilijua nikingoja nitapata sababu nyingine ya kungoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu Septemba."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akageuza kikombe, akakiangalia ndani. "Kwa hivyo nikisema nimepona, mlikuwa mnanicheka."

Hatukuwa tunamcheka, lakini sikupata namna ya kulisema bila kusikika kama mtu anayejitetea. Alisukuma kikombe mpaka katikati ya meza.

Kwa wiki tatu hakula chakula cha nyumbani. Alinunua mayai akayachemsha mwenyewe kwenye maganda yake, akanunua maziwa ya pakiti na kukagua kona. Alikula kibandani, mbele ya watu. Na mimi nilielewa kitu ambacho hakuna mahali nilikisoma. Alipokuwa mgonjwa, mojawapo ya mambo ambayo zile sauti zilikuwa zinamwambia ni kwamba kuna watu wanamtilia kitu kwenye chakula. Tulikaa miezi tukimhakikishia kwamba hakuna, ni ugonjwa unaosema hivyo. Kisha tukaenda tukafanya kitu chenyewe. Tuliusaidia ugonjwa kusema kweli.

*

Alirudi hospitali kwa hiari yake, na hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuitarajia. Hakwenda kwa ajili yetu. Alikuwa amebaki siku hizo zote bila dawa, usingizi ulianza kumtoroka, na alisema ameisikia redio ikiguna ikiwa imezimwa. "Sitaki kurudi barabarani," akaniambia. "Lakini nataka mtu aniambie ninachomeza." Alikubali niende naye. Mama akaja nyuma yetu bila kualikwa, akakaa benchi la mbali.

Tulimpata muuguzi wa makamo ambaye sikuwa nimemwona awali. Alimketisha kaka, akamuuliza yeye, siyo sisi. Akaangalia shingo. Halafu akamwona Mama kule benchini na akamwita aje karibu.

"Mama, nionyeshe mikono."

Mama aliificha chini ya leso. Kwa miezi vidole vyake viwili na kidole gumba vilikuwa vinawasha na kupasuka, na alikuwa akilaumu sabuni ya kufulia. Muuguzi alivigeuza mwangani.

"Ulikuwa unasaga?"

Mama akatikisa kichwa kukubali.

Muuguzi akatuambia kwamba wauguzi waliokuwa wakishika dawa hii kila siku walijulikana kwa mikono kama hiyo. Unga wake ukigusa ngozi mara kwa mara, ngozi huukataa. Ndiyo maana anayepima sharubati yake au kufungua sindano yake huambiwa avae glavu, na ndiyo maana tembe hazisagwi. Alisema bila ukali. Nilimwona Mama akivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Alikuwa amebeba ushahidi mikononi muda wote huo, na hakuna aliyeusoma, hata mimi mwanakemia wa nusu.

Kisha alitupa zile dakika ambazo tulizikosa siku ya bahasha. Nikaandika kwenye simu. Kofia pana na mikono mirefu, hata kukiwa na mawingu. Maji, na kivuli saa za jua kali. Ukitoka kitandani, keti ukingoni kwanza, miguu chini, ndipo uinuke. Pombe hapana. Dawa ya kiungulia usiimeze pamoja nayo, acha nafasi, kwa sababu huizuia isiingie vizuri. Usiache ghafla. Koo likiuma na homa, au macho yakiwa manjano, njoo upimwe damu na ini. Ulimi au midomo ikianza kucheza yenyewe, hata baada ya miaka, sema mapema. Na kila zahanati utakayoingia, taja jina lake kabla hujaulizwa.

Nilihesabu baadaye: yale aliyosema yalijaza ukurasa mmoja mdogo wa simu.

Daktari alimwambia kaka kwamba zipo dawa nyingine zisizogombana na jua kiasi hiki, na kila moja ina ugomvi wake mahali pengine, nyingine kwenye uzito, nyingine kwenye misuli. Wakakubaliana aanze tena na dozi ndogo zaidi, usiku, na ngozi ikiendelea kulalamika wabadilishe polepole. Kaka ndiye aliyekubali. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akimwuliza.

*

Sasa yuko ndani. Yule msimamizi wa saiti, aliposikia kuhusu jua, alimhamishia kwa fundi wa rangi. Anapaka kuta za vyumba, na madirisha yakiwa wazi. Kofia anaivaa njiani. Wenzake wanamwita Sheriff.

Jioni moja alirudi na mikono ya bluu mpaka viwikoni, na nikamwambia kwamba babu mkubwa wa dawa yake alikuwa rangi ya bluu ya kiwandani. Alifikiri namtania. Nikamweleza kuhusu Caro na Bernthsen, kuhusu ng'ombe na minyoo, kuhusu pete tatu na ile klorini ubavuni. Nilimchorea kwenye ukingo wa gazeti. Aliuangalia ule mchoro kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuangalia kitu nilichochora.

"Ulikuwa unajua haya yote?"

"Nilikuwa najua kuyatafuta," nikamwambia. "Nilichelewa."

Alikunja lile gazeti akalitia mfukoni.

Mama bado hupika uji alfajiri. Ilichukua muda, lakini kaka ameanza kuunywa tena, ila anajitekea mwenyewe kutoka kwenye sufuria na anamwacha Mama atangulie kunywa. Mama hutangulia, hasemi kitu. Vidole vyake vimepona. Usiku tembe inakaa kwenye kisosi kilekile, nzima, na ganda lake. Kaka huiangalia, huimeza, au huiacha. Siku akiiacha huniambia ameiacha, na sababu. Mimi husikiliza, na hujaribu kuacha mikono yangu mahali anapoiona.